Pete Iko Njiani

Mimi mtu wa Tanga. Ukitaja Tanga mbele za watu, wengine huanza kuficha kucha zao. Basi nilipopanga chumba kwa bibi mmoja Dublin, sikujua kwamba atakayesoma Ayatul Kursiyyu usiku ni mimi.

Tarehe 31 Oktoba natoka kazini, nafungua mlango, kizani kichwa kimenikenulia meno! Kidogo, kimesinyaa, macho yanawaka moto. Nilipiga ukelele ambao hata majini ya mapango ya Amboni kwetu wangeuheshimu.

Bibi akatoka jikoni anacheka. Kumbe ni mboga ya mizizi, jamii ya figili, imechongwa na kutiwa mshumaa. Ndivyo walivyofanya Waayalandi tangu zamani. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, wakaiacha mboga yao.

Akanikalisha, akanikatia mkate wa zabibu uitwao barmbrack. Wakelti wa kale, mababu wa Waayalandi, akasema, waliuita usiku huu wa Halloween Samhain. (Hutamkwa “sauin”, usiniulize hizo herufi nyingine zina kazi gani.) Mavuno yameisha, baridi inaingia, na wafu wanapita kati ya walio hai. Watu waliwasha mioto, wakajibadili sura ili mizimu isiwatambue. Sisi mizimu tunaifukizia ubani, wenzetu wanaikimbia kwa vinyago.

Kengele ikalia: wachawi watatu na mifupa mmoja, wote hawanifiki kiunoni, wanadai peremende. Bibi akaenda kuwagawia. Mimi nikajikatia kipande cha tatu, bila ruhusa.

Kakh! Kitu kigumu. Na Bibi huyo anarudi. Mama alinifunza kwamba chakula cha mwenyeji hakitemwi. Nikafumba macho, nikameza.

Bibi akaupekua mkate uliobaki. “Pete umeiona?”

“Pete gani?”

Kumbe huoka na pete ndani. Atakayeipata atafunga ndoa kabla ya mwaka kuisha. Zamani walitia na sarafu ya utajiri, kitambaa cha ufukara, na njegere kwa ambaye hataoa mwaka huo. Njegere ningeimeza bila kesi! Lakini hii haikuwa pete ya bati ya dukani. Ilikuwa ya marehemu mama yake.

Hospitalini, daktari mwenye damu bandia shavuni aliinua picha ya eksirei. “Hongera,” akasema. “Subiri siku mbili tatu.”

Usiku ule nikampigia mama.

“Mama, huku nimeambiwa naoa.”

“Alhamdulillahi! Na mchumba?”

“Bado. Ila pete iko njiani.”