Chikongola, Mtwara, hakuna mtu aliyemezwa

Nianze kwa kukanusha. Sijamezwa na chatu, wala sijakatwa mkono. Ile video anayoisambaza rafiki yangu wa bodaboda tangu jana, sauti inayopiga mayowe ni yangu, sibishi, lakini nyoka mwenyewe ana urefu wa sentimita 20 na ushee, unene wa penseli. Kaisogeza simu karibu makusudi, halafu kaandika juu yake "CHATU AMSHIKA MPANGAJI". Leo asubuhi muuza samaki kaniuliza kama vidole vya kuhesabia chenji bado ninavyo.

Mwenye nyoka ni mjomba, na kibali anacho, msianze. Yeye yuko Newala, mimi nimeachiwa kulisha tu. Na si chatu: ni nyoka wa majumbani, yule wa kahawia mwenye mstari mweupe unaopita juu ya jicho, asiye na sumu, anayeua panya kwa kumkaba. Huyu ni kitoto, na ugomvi wetu ulikuwa mmoja: hataki kula.

Kwa wasiojua, mtoto wa nyoka akianguliwa anakuwa bado na akiba ya kiini cha yai tumboni. Mwache mpaka ajivue gamba la kwanza, kama wiki moja au siku 10 hivi, ndipo uanze kumjaribu. Wengi huharibu kwa kumpa jumba kubwa. Anaona yuko uwanjani, kila kivuli ni kipanga, chakula hakimjii akilini. Mpe kopo la lita mbili lenye matundu na mfuniko unaobana, karatasi chini, maficho pande zote mbili na kibakuli cha maji. Upande mmoja uwe nyuzi 28 hadi 30, mwingine 25. Akipoa tumbo halisagi. Hata akila, kitaozea ndani na atakitapika. Usiku wa Julai hapa Mtwara unapoa kuliko mnavyodhani, kwa hiyo chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa naiegemeza kopo kwa nje.

Chakula chenyewe ni kichanga cha panya mweupe, wa siku moja hadi tatu, gramu 1 au 2, asiwe mnene kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka. Akitoka friza anayeyushwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwanza maji ya baridi, kisha ya moto, mpaka afike nyuzi 38 hivi. Msimchemshe, na maikrowevu msithubutu, atapasuka humo na hamtapika tena kitu mle. Unampa usiku, kwa sababu nyoka huyu ni wa usiku. Asipogusa mpaka asubuhi, tupa, kaa siku tano ndipo ujaribu tena. Kumsumbua kila siku ni kumfundisha kukuogopa.

Yote nimefanya. Bwana mdogo anamnusa kichanga, anageuka, anaingia mafichoni kama bwana harusi aliyeonyeshwa deni.

Sababu inajulikana: wadogo wa aina hii porini huanza na mijusi. Panya mweupe kwake si chakula, ni kitu. Dawa ni kumdanganya pua. Unamwosha kichanga kwa maji na sabuni isiyo na manukato, unamsuuza sana, unamkausha, halafu unamsugulia mjusi kafiri, hasa kichwani, maana nyoka huanzia kumeza kichwani. Mjusi awe amekaa friza mwezi mzima kupunguza minyoo. Nikasugua. Nikasugua tena, nikataka kazi iwe safi. Kibano kirefu ninacho, lakini kusugua nimesugulia vidole, na sabuni ilikuwa uani.

Sasa sikilizeni. Saa moja jioni. Nafungua mfuniko. Kichwa kinatoka mafichoni, ulimi unapiga hewani haraka haraka, na mimi moyo unaruka kwa furaha: leo anakula! Kibano mkono wa kushoto, kichanga kinaning'inia. Mkono wa kulia nimeshika ukingo wa kopo, dole gumba limeingia ndani kidogo. Ulimi ukaenda kwa kichanga. Ukaja kwa dole gumba. Ukarudi kwa kichanga. Nikamwambia kabisa, "Huko, huko." Akanitazama. Dole gumba lina joto zaidi, lina mjusi zaidi, na linatikisika.

Pa!

Hakuumiza, niseme ukweli. Ila akajizungusha mizunguko miwili chini ya ukucha, akakaza, na taya zikaanza kutembea: upande wa kushoto unasogea mbele, wa kulia unafuata. Anajaribu kunimeza. Mtu mzima wa kilo 70, anaanzia gumba.

Kitaalamu huruhusiwi kuvuta. Meno yake yamepinda kwenda nyuma. Ukivuta yanakatikia kwenye nyama yako, kinywa chake kinapata vidonda, na hapo kula ndiyo basi. Unatulia, unamzamisha kwenye maji ya kawaida, anaachia mwenyewe. Maji yako uani. Nikatoka, dole juu, taratibu, kwa heshima zote.

Uani bibi mwenye nyumba anamenya ming'oko. Akainua macho.

"Yalaa! Ntoto kaliwa nkono!"

Basi. Jirani mmoja kaja na jembe, mwingine na mafuta ya taa, sijui alitaka kuniwasha. "Nkate! Nkate!" bibi anaagiza. Mwenye jembe anauliza, "Nikate wapi?" Swali zuri, lakini lisiulizwe huku jembe liko juu. Hayo mayowe mnayoyasikia kwenye video ndiyo hapo. Nikazunguka mkorosho, jembe nyuma yangu, rafiki yangu mbele anarudi kinyumenyume na simu, anasema, "Geuka kidogo, kuna mwanga."

Ndoo ya karibu ilikuwa ya bibi, ya maji ya kunywa. Nikatumbukiza. Akaachia.

Mengine ya haraka: vidoa vichache vya damu, sabuni, bibi kadai ndoo mpya na maji mapya, mjomba kwenye simu hakuweza kuongea kwa kicheko. Nyoka nikamrudisha koponi, yule kichanga mwenye mjusi nikamlaza kwenye maficho ya upande wa joto, nikafunika kopo lote kwa kanga, nikaondoka. Asubuhi kichanga hayupo na bwana mdogo ana kivimbe katikati. Hashikwi kwa siku mbili, asije akatapika. Mlo unaofuata ni baada ya siku tano hadi saba, na kila mara harufu ya mjusi inapunguzwa kidogo mpaka azoee panya mtupu.

Jambo jingine ni watoto wa mtaa. Wamesikia nahitaji mijusi kafiri, wananiletea hai kwenye chupa, mia tano mmoja. Mmoja kaniletea mkia peke yake, anataka nusu bei. Nimesema sinunui. Kasema basi atampelekea bibi.