Donegal Haimfai Mtu wa Haraka

Wageni wengi wanaofika magharibi mwa Ayalandi siku hizi hufuata njia moja ya kitalii iitwayo Wild Atlantic Way, iliyozinduliwa mwaka 2014, ambayo inaandama pwani kwa kilomita zipatazo 2,500 kutoka Cork kusini hadi rasi ya Inishowen katika kaunti ya Donegal. Njia yenyewe ni nzuri na mabango yake hayampotezi mtu. Lawama yangu ni kwamba imewazoesha watu kuiona Donegal kupitia kioo cha gari: wanasimama, wanapiga picha, wanapanda tena gari, na jioni wamekwisha kulala kaunti nyingine. Anayekwenda kwa mtindo huo, kwa maoni yangu, angeweza kubaki nyumbani akatazama picha walizopiga wenzake. Milima na bahari vipo sehemu nyingi za Ayalandi. Kinachostahili nauli ya kufika Donegal ni jinsi watu wa huko walivyopigania kubaki katika ardhi iliyowahi kuwafukuza.

Sitayadharau mandhari, maana yanatia hofu kwa ukubwa wake. Majabali ya Slieve League yanapanda hadi mita 601 juu ya Atlantiki, karibu mara tatu ya majabali ya Moher kule Clare ambayo ndiyo yaliyojaa mabasi ya watalii, na mlima Errigal, wenye mita 751, unaonekana kutoka karibu kila pembe ya kaskazini-magharibi. Hayo mtu atayaona tu, apende asipende.

Lakini tuchukue bonde la Glenveagh, ambalo leo ni hifadhi ya taifa yenye ziwa refu, kasri la mawe na makundi ya kulungu wekundu. Mgeni husimama pale akasifu utulivu na upana wa nchi isiyo na nyumba, kana kwamba Mungu aliiumba hivyo. Hakuiumba hivyo. Mnamo Aprili 1861, kabaila John George Adair, aliyekuwa amenunua ardhi hiyo miaka michache tu kabla, aliwafukuza watu 244 kutoka Derryveagh, eneo hilihili, huku askari wakisimamia na vijumba vikibomolewa ili wenyewe wasirudi. Baadhi walipelekwa kwenye nyumba ya maskini mjini Letterkenny, na vijana wengi wakaishia Australia. Baada ya hapo Adair alijenga kasri analolipiga picha mtalii wa leo, kisha akaingia ubia katika ranchi kubwa ya ng'ombe huko Texas. Kufukuzwa huko kulitokea miaka michache tu baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja nchini kote na kuwahamisha wengine kama milioni moja. Utupu unaosifiwa na vitabu vya utalii una tarehe na una aliyeusababisha, na asiyelijua hilo anafurahia matokeo ya dhuluma bila habari.

Kuhama hakukwisha na karne ile. Padri James McDyer alipohamishiwa parokia ya Glencolmcille mwaka 1951, alikuta bonde la magharibi kabisa lisilo na umeme, lisilo na barabara ya maana wala viwanda, na vijana wakiondoka kwenda Uskoti, Uingereza na Marekani mara tu wanapomaliza shule. Alianzisha vyama vya ushirika vya ufumaji, kilimo cha mboga na kazi za mikono, na mwaka 1967 wanakijiji wakajenga kijiji cha makumbusho chenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi, kila moja ikionyesha jinsi watu wa karne fulani walivyoishi, kuanzia chungu cha jikoni hadi kitanda. Si miradi yake yote iliyodumu, na wapo waliomwona kuwa mtu wa amri nyingi mno. Hata hivyo makumbusho yale yanafanya kazi hadi leo, na ni bora uyatembelee kabla ya kupanda Slieve League, kwa sababu ukishaona ukubwa wa chumba walicholala watu kumi utautazama mlima kwa macho mengine.

Katika bonde hilohilo, mwaka 1984, kilianzishwa Oideas Gael, kituo kinachowafundisha watu wazima Kiayalandi. Hapa ndipo ningemshauri msomaji atumie fedha zake badala ya kukodi gari la kuzungukia kaunti nzima. Asubuhi ni darasa, mchana ni matembezi ya mlimani au somo la ngoma, na usiku ni nyimbo. Kiayalandi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi kwa mujibu wa katiba ya 1937, lakini maeneo ambayo watu bado huombea chumvi kwa lugha hiyo ni machache, nayo huitwa Gaeltacht. Donegal ina sehemu kubwa ya maeneo hayo. Alama za barabarani humo zimeandikwa Kiayalandi pekee, kwa hiyo ukitafuta mji wa Dungloe utaongozwa kwenda An Clochán Liath. Wapo wageni wanaonung'unika. Mimi nadhani ni haki kabisa kwamba, angalau mahali pamoja duniani, mgeni ndiye alazimike kujifunza.

Msomaji wa Kongo ana sababu yake ya kupita Gort an Choirce, kaskazini zaidi. Roger Casement, Mwayalandi aliyekuwa konsuli wa Uingereza na ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilianika ukatili wa biashara ya mpira chini ya Mfalme Leopold wa Pili, alikuwa akija sehemu hizo kujifunza Kiayalandi, na alikiunga mkono chuo cha lugha cha Coláiste Uladh kilichofunguliwa hapo mwaka 1906. Baadaye aliandika kwamba aliyatazama mateso ya Wakongo kwa macho ya kabila jingine lililowahi kuwindwa. Waingereza walimnyonga London mwaka 1916 kwa uhaini. Ni ajabu kwamba watu wachache sana wa kwetu wanaijua njia hiyo kutoka mto Kongo hadi kijiji cha Donegal.

Nimetaja nyimbo. Muziki wa Donegal ni muziki wa fidla, na mtindo wake wa kuvuta upinde kwa ufupi na ukali unaitofautisha Donegal na kaunti za kusini. Vibarua waliokwenda kila msimu kuchimba viazi Uskoti walirudi na tuni za huko, ndiyo maana nyingine zina ladha ya Kiskoti. Mpigaji anayetajwa zaidi ni John Doherty, aliyefariki mwaka 1980, mtu wa ukoo wa mafundi bati waliotembea nyumba kwa nyumba wakitengeneza vyombo na kupiga fidla. Wanamuziki hukutana baa wakiizunguka meza moja, kwa kawaida kuanzia saa tatu na nusu usiku, na ambaye hanywi pombe ataagiza chai bila mtu kumshangaa. Adabu yake si ile ya taarabu, ambako shabiki huinuka akamtuza mwimbaji mbele za watu. Hapa huinuki, huombi wimbo, wala hukalii kiti kilicho tupu mezani mpaka ujue ni cha nani, na mtu akianza kuimba peke yake bila ala, hata mwenye baa huacha kuosha glasi.

Kitambaa cha sufu cha Ardara na Kilcar nitakigusa tu: kiombe kwa wanaokifuma kwa mkono, maana kipo kingi cha kiwandani chenye jina lilelile.

Kuhusu kufika, Mswahili mwenye pasi ya Kenya au Tanzania awe mwangalifu kuliko vitabu vya Kizungu vinavyosema. Ayalandi haimo katika Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitoshi. Zaidi ya hapo, Donegal imeshikana na sehemu nyingine ya Jamhuri kwa kilomita chache tu za mpaka na kaunti ya Leitrim, na mabasi ya moja kwa moja kutoka Dublin hukatiza Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni ardhi ya Uingereza na ina masharti yake ya viza. Asiye na viza ya Uingereza apande treni hadi Sligo kisha basi, au ndege ndogo ya Dublin hadi Carrickfinn, uwanja wa ndege wa Donegal. Treni ya Donegal yenyewe haipo. Kampuni ya reli ya County Donegal ilisitisha treni zake za abiria mwishoni mwa mwaka 1959. Mwezi mzuri ni Juni, wakati mwanga unapokaa hadi saa nne usiku, na tarehe 9 mwezi huo wenyeji wa Glencolmcille huzunguka vituo 15 vya mawe kumkumbuka Mtakatifu Colm Cille, wengine pekupeku. Mvua utaikuta hata hivyo. Chukua koti, na ulipie chumba cha wiki nzima mahali pamoja.