Kompyuta ya Msalani Gigiri, Seva ya Chappaqua

Wakenya wachache wanamkumbuka Scott Gration, ingawa kati ya mabalozi wa Marekani waliopita Nairobi huenda yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji kuliko wote. Ni mtoto wa wamishonari, alikulia Kongo na Kenya, na Kiswahili chake hakikuwa cha kukariri kwa ajili ya hafla. Aliingia ubalozini 2011. Katikati ya 2012 akatangaza kwamba anaondoka, kwa kuwa yeye na Washington hawakuelewana kuhusu namna anavyoongoza. Agosti mwaka huo ikatoka ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Lawama zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa hii: balozi hakuutaka mfumo wa barua pepe wa wizara. Kazi za serikali alizifanyia kwenye akaunti ya kibiashara, tena akaagiza laini ya intaneti ivutwe hadi msalani mwa ofisi yake pale Gigiri, apate kutumia humo kompyuta ambayo haikuunganishwa na mtandao wa wizara.

Bosi wa Gration alikuwa Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, aliyekuja kugombea urais 2016 dhidi ya Donald Trump. Wakaguzi walipokuwa wakiandika habari za msala wa Gigiri, barua pepe za bosi mwenyewe zilikuwa zikipita kwenye seva binafsi, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kupitisha barua, nyumbani kwake Chappaqua, jimbo la New York.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinawakera wote waliobishana kuhusu sakata la barua pepe za Clinton lililofuata. Anayedai kwamba sakata lilibuniwa na Warepublican ili kummaliza mgombea ajibu kwa nini kanuni hiyohiyo ilimgonga balozi miaka mitatu kabla ya kampeni. Na anayedai kwamba Clinton alistahili pingu ajibu kwa nini Gration hakupelekwa mahakamani, hakushtakiwa, aliacha kazi tu. Kosa lilikuwapo, na lilikuwa na ukubwa wake: ukubwa wa kumharibia mtu kazi. Siasa za 2015 na 2016 zilikuwa ni kulivuta kosa hilo huku na huku ili lisibaki na ukubwa huo.

Habari ilifichuka Machi 2015 katika The New York Times: kwa miaka minne ya uwaziri, kuanzia 2009 hadi 2013, Clinton hakutumia anwani ya serikali hata siku moja. Siku chache baadaye alisimama mbele ya waandishi kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa, akasema aliona rahisi kubeba simu moja badala ya mbili. Baadaye FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikuta kwamba katika miaka hiyo alikuwa ametumia vifaa vingi. Mawakili wake walikuwa wameshazichambua barua hizo. Zipatazo 30,490 za kazi zilirudishwa wizarani Desemba 2014, na nyingine zaidi ya 31,000 zikaitwa za binafsi: harusi ya binti, mazishi ya mama, mazoezi ya yoga. Hizo zikafutwa. Fundi aliyezifuta alifanya hivyo mwishoni mwa Machi 2015, wiki chache baada ya kamati ya Bunge kutoa amri ya kuzitaka. Aliwaambia wapelelezi kwamba alikuwa amesahau maagizo ya miezi kadhaa nyuma, akashtuka ghafla. FBI haikupata ushahidi kwamba zilifutwa ili kuficha jambo, lakini ilikuta maelfu kadhaa za kazi ambazo hazikuwa zimerudishwa.

Hapo palikuwa na maswali mawili, na tangu siku ya kwanza yalichanganywa kama mchele na mchanga. Moja ni la siri za dola: je, mambo ya kijasusi yalipita mahali pasipo na ulinzi? La pili halina msisimko: karatasi za waziri ni za nani? Kwangu mimi, hoja nzito dhidi ya Clinton ni hii ya pili. Desemba 2012 shirika moja la kiraia liliiandikia wizara, chini ya sheria ya haki ya kupata habari, likiuliza waziri ana akaunti ngapi za barua pepe. Mei 2013 likajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu zozote zinazohusu ombi hilo. Ndani ya wizara walikuwamo watu waliokuwa wakiandikiana na waziri kila siku kwa anwani ile. Raia aliuliza swali halali, serikali yake ikamjibu kwamba hakuna kitu, kwa sababu kitu chenyewe kilikaa nyumbani kwa mtu. Colin Powell naye alitumia akaunti binafsi alipokuwa waziri, na ripoti ya mkaguzi mkuu ya Mei 2016 ilimtaja pia. Ila ripoti hiyohiyo ilisema kwamba enzi za Clinton kanuni zilikuwa zimeshakuwa wazi zaidi, na kwamba kama angeomba ruhusa asingepewa.

Swali hilo halikupata mashabiki, kwa kuwa halifungi mtu. Mkutano mkuu wa Republican mjini Cleveland, Julai 2016, usingeweza kuimba kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za umma. Uliimba "mfungeni", na kwa wimbo huo zilihitajika siri za dola.

Nani alianza kuchimba, na kwa nia gani? Wademocrat walikuwa na jibu ambalo wapinzani wao waliwapa bure. Kamati teule ya Baraza la Wawakilishi iliundwa Mei 2014 kuchunguza shambulio la Benghazi la Septemba 2012, lililomuua Balozi Chris Stevens na wenzake watatu. Ni katika kutafuta nyaraka za Benghazi ndipo habari ya anwani binafsi ilipojitokeza. Septemba 2015 Kevin McCarthy, aliyekuwa akipigiwa chapuo la uspika, aliulizwa kwenye televisheni chama chake kimefanya nini cha maana. Akaitaja kamati hiyo, akakumbusha kwamba watu walidhani Clinton hashindiki, na sasa namba zake zinashuka. Alichopaswa kukisema chumbani alikisema sebuleni. Wiki iliyofuata alijitoa kwenye mbio za uspika, na Oktoba 22 Clinton alikaa mbele ya kamati kwa takriban saa 11 akaondoka akionekana mshindi.

Lakini nia chafu ya anayefukua haiugeuzi mfupa uliofukuliwa kuwa jiwe. Uchunguzi wa FBI, ulioanza Julai 2015, haukutokana na kamati hiyo bali na suala lililopelekwa FBI na mkaguzi mkuu wa idara za ujasusi, ambaye hakuwa mgombea wa chochote. Na kilichokutwa hakikuwa hewa: barua 110, katika mafungu 52 ya mawasiliano, zilikuwa na habari za siri siku zilipotumwa, na mafungu manane yalifika daraja la siri kuu. Watetezi walikazania kwamba karibu zote hazikuwa na alama yoyote. Ni kweli. Chache zilikuwa na herufi C ndani ya mabano mwanzoni mwa aya, alama ya daraja la chini la siri, na Clinton alipoulizwa na wapelelezi alikisia kwamba labda ni mpangilio wa aya kwa alfabeti. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na kila mara nashindwa kuamua kipi kinatisha zaidi: kwamba waziri alikuwa akiwakwepa, au kwamba hakujua kweli.

Sheria yenyewe ni ya 1917, na inaruhusu kumshtaki mtu hata kwa uzembe mkubwa tu, bila nia mbaya. Rasimu ya kwanza ya taarifa ya James Comey, mkurugenzi wa FBI, ilitumia maneno hayo ya sheria. Iliyosomwa hadharani Julai 5, 2016 ilisema Clinton na wasaidizi wake walikuwa "wazembe kupindukia", na kwamba hakuna mwendesha mashtaka mwenye busara ambaye angefungua kesi. Mwananchi wa kawaida hasikii tofauti kati ya maneno hayo mawili. Mwanasheria anaisikia, maana upande mmoja kuna jela. Upande wa Trump waliita ule udanganyifu wa kalamu, wakaonyesha kidole kwa baharia mmoja aliyehukumiwa kifungo cha mwaka mzima Agosti ya mwaka huohuo kwa kupiga picha ndani ya nyambizi ya nyuklia. Hoja hiyo ina uzito mpaka ukumbuke kwamba baharia alijua anachopiga ni siri, kisha akaharibu vifaa alipobanwa. Waendesha mashtaka wa Marekani kwa desturi hutafuta nia au uongo kabla ya kugusa sheria ile. Kwa Clinton hawakuipata nia. Kutomshtaki, naona, kulikuwa sahihi.

Kilichoharibika ni namna ya kulisema jambo lenyewe. Juni 27, wiki moja kabla ya taarifa, ndege ya Mwanasheria Mkuu Loretta Lynch ilitua Phoenix. Bill Clinton, aliyekuwa uwanjani hapo, akapanda kumsalimu. Wakazungumza kama nusu saa, na wote wawili walisema habari zilikuwa za wajukuu na safari. Huenda ndivyo. Lakini mume wa mtu anayechunguzwa haingii kwenye ndege ya bosi wa wachunguzi kuzungumzia wajukuu, na mtu aliyewahi kuwa rais kwa miaka minane hahitaji kufundishwa hilo. Lynch akasema ataukubali ushauri wowote wa FBI, na Comey akaiona nafasi ya kusimama peke yake.

Desturi ya waendesha mashtaka ni ngumu lakini rahisi kuielewa: ukiwa na kesi, ipeleke mahakamani, ukiwa huna, nyamaza. Comey alimsafisha mtu na kumpaka matope katika pumzi moja. Wademocrat walishika nusu ya kwanza, Warepublican nusu ya pili, na kila mmoja alikuwa na mkurugenzi wa FBI wa kumnukuu.

Kisha ikaja Oktoba. Kwenye kompyuta ya Anthony Weiner, mbunge wa zamani aliyekuwa akichunguzwa kwa mambo yake ya aibu, zilikutwa barua za mkewe Huma Abedin, msaidizi wa karibu wa Clinton. Maofisa wa FBI wa New York walizigundua mwishoni mwa Septemba. Makao makuu yalikaa karibu mwezi mzima. Oktoba 28, siku 11 kabla ya uchaguzi, Comey aliliandikia Bunge kwamba kuna barua mpya za kuangaliwa. Novemba 6 akaandika tena: hakuna kilichobadilika. Wakati huo mamilioni ya Wamarekani walikuwa wameshapiga kura za mapema.

Nimtendee haki Comey. Alikuwa amewaambia wabunge kwa kiapo kwamba kazi imekwisha. Angenyamaza, Clinton akashinda, kisha ikajulikana Januari kwamba FBI ilikuwa na mzigo mpya mkononi, nusu ya nchi ingeona rais wao amebebwa. Mwenyewe alieleza kwamba aliona milango miwili, kusema au kuficha. Hoja hiyo ingenishawishi kama isingekuwa tarehe moja: Julai 31, 2016. Siku hiyo FBI ileile ilifungua uchunguzi juu ya uhusiano wa kampeni ya Trump na Urusi, na haukutangazwa rasmi mpaka Machi 20, 2017. Hapo mlango wa kunyamaza ulionekana, ukatumika, na ulikuwa mlango sahihi. Uchunguzi usio na matokeo hautangazwi katikati ya kampeni. Kanuni ikimlinda mgombea mmoja wiki ileile inayomwacha mwingine uchi, mwenye kuisimamia anaulizwa tu, hata awe mtu safi namna gani. Baadaye Comey alikiri kwamba huenda imani yake kuwa Clinton atashinda ilimwathiri. Yaani mtu aliyejitangaza yuko nje ya siasa alikuwa akipiga hesabu za kura kichwani.

Kama barua ile ndiyo iliyomwangusha Clinton, tutabishana mpaka kesho kutwa. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania ziliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 80,000 zikijumlishwa, na tofauti ndogo hivyo inaweza kusingiziwa chochote, pamoja na kampeni yake kupuuza Wisconsin.

Wakenya wana kipimo chao cha mambo haya. Machi 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea wakiwa na mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai shingoni. Johnnie Carson, aliyekuwa msaidizi wa Clinton kwa masuala ya Afrika, alikuwa amewaonya wapiga kura mwezi uliotangulia kwamba uchaguzi una matokeo yake. Mashtaka yaliwajengea kura, kwa kuwa yalitoka nje na yakaonekana kama kuingiliwa. Clinton hakushtakiwa kwa lolote na bado tope halikumtoka, kwa kuwa lilirushwa na mtu wa serikali ya chama chake.

Juni 2018 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria, Michael Horowitz, alitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 500. Aliwakuta maofisa wa FBI wakitumiana jumbe za kumchukia Trump, mmoja akiahidi "tutamzuia". Hata hivyo hakukuta ushahidi kwamba chuki hiyo iliongoza uamuzi wa kutomshtaki Clinton. Alimlaumu Comey kwa kuwapita wakubwa wake. Wakati huo Comey alikuwa ameshafukuzwa kwa zaidi ya mwaka, na waraka uliotumika kumfukuza Mei 2017 ulitaja alivyolishughulikia suala la Clinton, ukitetewa na rais aliyefaidika nalo.

Wizara ya Mambo ya Nje ilimaliza mapitio yake Septemba 2019, chini ya serikali ya Trump mwenyewe. Watu 38 walikutwa na makosa 91, na hakukuwa na ushahidi wa kuridhisha wa uvunjaji wa siri ulioenea na wa makusudi. Ni makosa ya ukubwa uleule wa msala wa Gigiri. Oktoba 29, 2016, siku moja baada ya barua ya Comey, The New York Times lilikuwa limeijaza sehemu ya juu ya ukurasa wake wa kwanza habari hizi. Matokeo ya 2019 liliyaweka ukurasa wa ndani.