Mafuta ya Chipsi Yapimwe Kabla ya Kulaumu Kichocheo

Biodizeli ni mafuta ya injini yanayotengenezwa kwa mafuta ya kupikia na methanoli, aina ya spiriti, kostiki soda ikiwa kichocheo. Ikiganda kama uji, wengi hapa Nairobi huilaumu soda hiyo, eti imechakachuliwa. Mara nyingi kosa limo ndani ya mtungi wa mafuta. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafuta yaliyokaangiwa chipsi yauzwe kwa kipimo cha asidi, si kwa lita peke yake.

Kipimo hakina ugumu. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Changanya mililita 1 ya mafuta na 10 za isopropanoli, aina ya alkoholi, tia matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha, kisha dondosha maji yale ya soda hadi rangi ya waridi idumu nusu dakika. Mililita zilizotumika ndizo gramu za kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya 3.5 zinazotosha mafuta mapya. Zikiwa 2, pima gramu 5.5. Zikipita 5, usizidishe soda: asidi na soda huzaa sabuni, nayo sabuni hushikamanisha biodizeli na glisirini, uji mzito unaopaswa kutuama chini, zisitengane.

Maji ya viazi huleta balaa hiyohiyo. Pasha mafuta hadi nyuzi 105 mpaka yaache kutokota, kisha yapoze hadi 55. Maelekezo mengi husema 60, lakini hayo ni ya usawa wa bahari. Methanoli huchemka karibu nyuzi 65 kule Mombasa. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu, huchemka karibu 60. Ikitoroka kwa mvuke, mafuta hubaki nusu mabichi, na mvuke wenyewe hulipuka ukikutana na jiko.

Soda iyeyushwe kwanza ndani ya methanoli, mililita 200 kwa lita ya mafuta, kisha imiminwe kwenye mafuta. Funika, koroga saa nzima, acha usiku kucha. Sufuria ya alumini isitumike kamwe: soda huila na kutoa haidrojeni. Fanyia kazi nje, na glavu mkononi. Methanoli hupofusha na kuua, kama walivyojua wengi walionyweshwa pombe haramu.

Wapo wanaosifu maganda ya mayai yaliyochomwa kwa nyuzi 900 kuwa kichocheo badala ya soda, kwa kuwa huchujwa na kutumika tena. Ni kweli, ila yakiachwa wazi hunyonya unyevu na kaboni dioksidi, yakapoteza nguvu. Tena mafuta yenye asidi nyingi huyageuza sabuni vilevile.

Kwa hiyo wanunuzi walipe bei kamili kipimo kikiwa chini ya 2, waipunguze kinavyopanda, na yanayopita 5 wawaachie watengeneza sabuni.