Barry Bonds: mpira wake uko ndani, mwenyewe yuko nje

Tarehe 28 Mei 1998 kule Phoenix, Arizona, kilitokea kitu ambacho kwangu ndo ufunguo wa kumwelewa Barry Bonds, mpigaji wa besiboli ya Marekani. Arizona Diamondbacks wanaongoza 8 kwa 6, kipindi cha 9 na cha mwisho, San Francisco Giants wameshatolewa watu wawili, bado mmoja tu mechi iishe, lakini besi zote tatu zina watu na anayekuja na gongo ni Bonds. Kwa ambao hawafuatilii besiboli, mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigika, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, na kama besi zote zina watu basi kila mmoja anasogea mbele na yule wa besi ya tatu anaingia nyumbani, yaani ni pointi. Kocha wa Arizona, Buck Showalter, akaamua hivyo makusudi kabisa. Akatoa pointi ya bure, ubao ukasoma 8 kwa 7, ili tu Bonds asipige ule mpira. Aliyefuata, Brent Mayne, akapiga ukadakwa, mechi ikaisha.

Sasa itazame hiyo tarehe vizuri. Mei 1998. Simulizi inayokubalika na wengi, hata wale wanaompinga Bonds kwa nguvu zote, ni kwamba alianza kutumia dawa za kuongeza nguvu baada ya msimu wa 1998 kuisha. Kwa hiyo Showalter alikuwa anamuogopa Bonds ambaye hata wapinzani wake hawamshutumu kitu. Huyu ndo mtu ambaye leo hana kibao chake kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown, New York.

Tuanze na alikotoka. Bonds alizaliwa Julai 1964 Riverside, California, baba yake ni Bobby Bonds, mchezaji wa kweli kweli aliyekuwa na mbio na nguvu kwa pamoja, na baba yake wa ubatizo ni Willie Mays, gwiji wa Giants, yaani dogo amekua anazunguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha Giants huku Mays yuko pale pembeni. Lakini Bobby pombe ilimsumbua, akahamishwa timu hii mpaka ile, na waandishi wa habari hawakumwacha salama. Navyoona mimi ile hasira ya Barry kwa waandishi haikuanzia kwake, aliirithi mezani nyumbani kabla hata hajajua kusoma gazeti.

Pittsburgh Pirates walimchukua 1985, mwaka uliofuata yuko ligi kuu. Kufikia 1992 ana tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi. Oktoba mwaka huo, Atlanta, mchezo wa 7 wa fainali ya National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Pirates wanaongoza 2 kwa 1 na bado mtu mmoja tu wa kumtoa. Francisco Cabrera akapiga mpira ukaenda kushoto kwa Bonds, Bonds akauokota akautupa nyumbani, na anayekimbia kuja nyumbani ni Sid Bream, mtu wa magoti mabovu, mzito, aliyewahi kucheza na Bonds hapo hapo Pittsburgh. Bream akaingia kwa kuteleza, mpira umechelewa kidogo sana, Atlanta 3, Pittsburgh 2. Hiyo ndo ilikuwa mechi ya mwisho ya Bonds na Pirates. Desemba akasaini Giants, timu ya baba na ya Mays, miaka 6 kwa dola milioni 43.75, na msimu wa kwanza tu akabeba tuzo ya tatu.

Mpaka mwisho wa 1998 ameshapiga homurani 411, zile za kuutoa mpira nje ya uzio, ameiba besi 445, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, ana glavu za dhahabu 8 za ulinzi. Agosti mwaka huo alikuwa mtu wa kwanza katika historia kufika 400 za homurani na 400 za kuiba besi, na hakuna mwingine aliyefika mpaka sasa. Lakini nani aliangalia? Marekani nzima ilikuwa inawatazama Mark McGwire na Sammy Sosa wakifukuzana kwa homurani za msimu, McGwire akaishia 70, Sosa 66. Agosti hiyo hiyo mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedione, dawa ya kuongeza homoni, kwenye kabati la McGwire, ikaandikwa, na watu wakaendelea kushangilia kwa sababu kwenye besiboli haikuwa imekatazwa wakati huo. Inasemekana Bonds aliumia sana kuona hivyo. Kama ndivyo, namwelewa alivyoumia, japo simtetei alichofanya baada ya hapo.

Maana kilichofuata kinajulikana. Mtu ambaye hajawahi kufika homurani 50 kwa msimu, 2001 akiwa anafikisha miaka 37 akapiga 73. Mwili umejaa, mabega mengine kabisa. Akabeba tuzo nne mfululizo, 2001 mpaka 2004. 2003 serikali ikavamia BALCO, maabara ya pale jirani na San Francisco iliyokuwa inatengeneza dawa ambazo vipimo havikuziona, na mtu wa mazoezi wa Bonds, Greg Anderson, alikuwemo. Bonds mbele ya jopo la mahakama akasema vile alivyopewa alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na krimu ya viungo. Mimi hapo siwezi kumfuata. Mtu ambaye maisha yake yote yanategemea mwili wake, anayechagua hata mti wa gongo lake kwa umakini ule, leo hajui anapakwa nini? Anderson alikubali kukaa jela, ukijumlisha ni zaidi ya mwaka, kuliko kutoa ushahidi dhidi yake. Bonds alishtakiwa 2007, 2011 akakutwa na hatia moja ya kukwamisha uchunguzi, 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta. Ligi haijawahi kumfungia hata mechi moja kwa steroidi, zile dawa za kujenga misuli. Kisheria ni msafi, ila mimi naamini alitumia, na nadhani hata wengi wanaompenda wanaamini hivyo.

Kwa hiyo wanaosema asiingie wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote ni Hank Aaron, aliyeshika rekodi ya homurani za maisha kabla ya Bonds. Aaron mwaka 1973 na 1974 akiifukuza rekodi ya Babe Ruth alikuwa anapokea barua za kutishiwa kuuawa, mtu mweusi kumpita Ruth watu hawakutaka kusikia, akatembea na ulinzi, na tarehe 8 Aprili 1974 akaipiga ya 715 pale Atlanta. Akastaafu na 755. Halafu 7 Agosti 2007 Bonds anapiga ya 756. Aaron hakuwepo uwanjani, ila alituma video ya kumpongeza ikaoneshwa kwenye skrini, utulivu ule ule wa siku zote. Bonds akaishia 762. Ukiwa na moyo unajiuliza, namba ambayo mtu aliilipia kwa hofu ya maisha yake, ni haki kupitwa na namba ambayo hatujui kiasi gani chake kilitoka kwenye krimu? Na kuna wengine ambao hatuwataji kabisa, wale waliokataa kutumia wakapoteza nafasi zao kwa waliotumia, wakarudi nyumbani kimya kimya na hakuna anayewapigia kura ya chochote.

Hoja ya upande wa pili nayo nzito. 1994 mgomo wa wachezaji ulifuta fainali ya World Series, mashabiki wakakasirika wakaondoka, na kilichowarudisha ni homurani. Steroidi zilikuwa zimekatazwa kwa waraka tangu 1991 lakini hakukuwa na vipimo, vya majaribio vilianza 2003 na adhabu 2004. Ligi nzima ilikuwa inavuna. Na kamishna wa ligi wa miaka hiyo yote, Bud Selig, aliingizwa Cooperstown 2017. Hapa ndo mimi nashindwa. Aliyesimamia duka anapewa heshima, aliyeuza kaunta anafungiwa mlango. David Ortiz naye aliingia 2022 mwaka wake wa kwanza tu kwenye kura, wakati gazeti la New York Times lilishaandika 2009 kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya vipimo vya 2003. Simsemi Ortiz vibaya, vile vipimo vilikuwa na utata na alikana, ila ni mtu wa tabasamu, Bonds ni mtu wa kuwanunia waandishi, na wanaopiga kura ni hao hao waandishi.

Halafu kuna swali ambalo kwangu ndo gumu kuliko yote, la zile besi za bure. 2004 Bonds alipewa 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi. Alifika kwenye besi zaidi ya mara 6 kwa kila 10 alizosimama, .609, hakuna aliyewahi. Watetezi wanasema dawa inakupa msuli, haikupi jicho. Na ukimtazama jamaa unaona hiyo hoja ilivyo na uhai: gongo amelishika juu kidogo ya kitako kama mtoto aliyepewa gongo kubwa, kiwiko cha kulia kimevaa kinga kubwa nyeusi, amesimama karibu kabisa na eneo la kupigia, mpira unapita nje sentimita chache na hata begani hatikisiki. Anaacha. Unapita tena, anaacha. Mechi nzima anaweza kupata mpira mmoja tu wa kupigika, na huo mmoja unaishia majini, kwenye ghuba nyuma ya uwanja wa San Francisco ambako watu walikuwa wanakaa kwenye mitumbwi na nyavu wakisubiri. Lakini wapinzani wanajibu kwamba warushaji walirusha nje kwa sababu waliogopa msuli, na msuli ulitoka wapi? Kwa hiyo hata besi za bure zimechafuka. Nimekaa sana na hilo jibu na siwezi kulitupa. Ila narudi Phoenix: 1996 alipata 151, na 1998 Showalter akampa moja yenye thamani ya pointi. Jicho lilikuwepo na woga ulikuwepo. Dawa ilikuza kitu kilichokuwa tayari kikubwa kuliko vyote vya zama zake, na kwa kufanya hivyo ikatunyima kujua kingeishia wapi chenyewe. Hicho ndo kinaniuma, kuliko hata rekodi.

Ningekuwa na kura ningemwingiza, kwa miaka ile 13 ya mwanzo peke yake, na kwenye kibao chake iandikwe BALCO kwa herufi zinazosomeka.

Waandishi walimpa asilimia 36.2 mwaka 2013, kura ikapanda mpaka 66 mwaka wa 10 na wa mwisho, 2022, wakati inatakiwa 75. Mpira wa 756 wenyewe uliuzwa dola 752,467, mnunuzi akaitisha kura mtandaoni, watu wakaamua ugongwe alama ya kinyota ya kuonesha una doa, ukapelekwa Cooperstown. Uko kule. Desemba 2025 kamati ya jumba hilo ya watu 16 ilikaa tena, ikamwingiza Jeff Kent, yule mwenzake wa Giants waliyekunjana naye kwenye benchi 2002, na Bonds akapata chini ya kura 5. Kwa kanuni mpya, aliyepata chini ya hapo anaruka awamu inayofuata, kwa hiyo jina lake haliwezi kurudi mezani mpaka 2031, akiwa na miaka 67, na akikosa tena kura 5 halirudi kabisa.