Mshukuru Mungu kwa bahari ukiijua siku ya bamvua

Simu zetu zimejaa picha za milima na maporomoko ya nchi za mbali, juu yake pameandikwa "Asante Mungu kwa uumbaji wako." Nia ni njema, na hakuna shukrani ya kubezwa. Lakini mkazi wa Dar es Salaam anayeshukuru kwa mlima asiopata kuuona, na hajui bahari ya mjini kwake inapwa saa ngapi, kwa maoni yangu ameliruka fungu lake mwenyewe. Shukrani hupata uzito ikitaja kitu chenyewe, jina lake na jinsi kinavyofanya kazi. Hupata uzito zaidi ikitolewa pamoja na watu tuliopewa.

Tuanze na maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, tukapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hapa Dar hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana, yakaja maji mafu, na tofauti inaweza kushuka hadi karibu mita 1. Anayehesabu tarehe za Kiislamu hahitaji jedwali: bamvua huangukia karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu karibu na tarehe 8 na 22.

Na hapa pana neema ambayo wengi hawajaitambua. Siku za bamvua, maji ya Dar hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, mwezi hadi mwezi, mwaka mzima. Yangeweza kupwa alfajiri na magharibi tu. Tumepewa saa ambayo mtoto ameshakunywa chai na mzee bado ana nguvu.

Kwa hiyo chagua Jumamosi, Jumapili au sikukuu iliyo karibu na tarehe hizo. Coco Beach panafaa, kwa kuwa mwamba huachwa wazi na vidimbwi hubaki. Fikeni saa 3, muyafuate maji yanaporudi nyuma. Kila mtu avae viatu vinavyofunika vidole. Yeboyebo huteleza na kuvuka mguuni, na miamba ile hukata. Vidimbwini mtaona kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, jongoo wa bahari, kaa, na samaki wadogo wa rangi wanaosubiri maji yarudi. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana viumbe wa upande wa chini hufa wakipigwa na jua. Matumbawe hai yasikanyagwe kabisa. Yale ni wanyama, wadogo mno, kila mmoja akijijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi vimea vidogo vinavyotumia jua kuwatengenezea chakula. Mwamba mnaousimamia ni kazi ya wanyama wa aina hiyo waliokufa zamani sana. Nikifikiri hivyo naona "Alhamdulillahi" au "Mungu asifiwe" ni neno dogo kwa jambo kubwa, ila ndilo tulilo nalo.

Saa 5 geukeni. Hili naomba lisipuuzwe, kwa sababu maji hayapandi kwa kasi moja. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza yatapanda sentimita 25 hivi, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja. Wanaonaswa ni wale wanaosimama kwenye fungu la mchanga wakitazama baharini, huku mkondo ulio nyuma yao, kati ya fungu na ufuko, ukijaa kwanza. Mtu akichomwa na mwiba wa taa au samaki mwingine, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, ukiyapima kwanza kwa mkono usio na jeraha, kisha aende hospitali.

Siku nyingine nendeni kwenye mikoko, Kunduchi au kando ya daraja la Salender. Mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, huinua mizizi juu ya tope kama vidole, kwa sababu tope halina hewa, na majani yake hutoa chumvi: lamba uone. Mkoko wenyewe hauangushi mbegu kavu. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikirefuka na kunyonya kwake hadi iweze kusimama yenyewe. Wapo wanaoshukuru kwa kupanda mikoko, jambo zuri, ila miche mingi hufa ikipandwa chini mno, mahali ambapo maji huifunika muda mrefu. Ipandwe palepale ilipokuwa ikiota zamani, ile mbegu ndefu ikiingizwa topeni theluthi moja ya urefu wake, ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa nafasi ya mita 1 hivi, na maofisa wa misitu wahusishwe kwanza, kwani mikoko ni hifadhi kisheria.

Mara nyingi anayeachwa nyumbani ni bibi au mama, kwa hoja kwamba atachoka. Sikubaliani. Chukueni kiti cha plastiki, kanga ya kujifunika na maji lita 1 na nusu kwa kila mtu. Mzee akae kivulini, watoto wamletee kaa mdogo kwenye ndoo ya maji ya bahari, amtazame, awaambie jina analolijua yeye, kisha kaa arudishwe dimbwini alimotolewa. Hapo ndipo pa kumshukuru kwa jambo lenyewe: "Mama, ulikaanga maandazi alfajiri ili nilipiwe ada." "Asante kwa yote" haimfikii hivyo. Dua au sala ifuate palepale, kwa majina, na waliotangulia mbele ya haki wasisahauliwe.