Nimesema Lala Chini

Leo asubuhi nimeingia buchani hapa Nkuhungu, Dodoma, nikasimama kwenye foleni kama raia yeyote, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, "Nipimie maini ya elfu mbili." Muuza nyama akaweka kisu chini, akawatazama wateja wote, kisha akaniuliza, "Ya nyumbani au ya mbwa?" Bucha zima likacheka. Kulikuwa na mama amebeba mtoto mgongoni. Mtoto naye akacheka, na hana hata jino moja.

Basi ngoja niseme, maana mtaa mzima umesikia habari hii upande wa baba mwenye nyumba tu.

Mimi sikutafuta mbwa. Jirani alipata uhamisho, akauza makochi, akauza tangi la maji (hilo tuligombania, unajua mwenyewe), mbwa akakosa mteja. Binti yangu Neema akamleta ndani ya kapu la sokoni. Kijibwa cha manyoya meupe, tumbo karibu liguse ardhi. Weupe wenyewe ulidumu siku mbili. Siku ya tatu ulivuma ule upepo wetu wa Julai, na tangu hapo ana rangi ya tofali la kuchoma. Anaitwa Popi, kwa sababu mbwa mdogo nchi hii ana majina mawili, Popi na Jimi, na Jimi ni wa nyumba ya nyuma.

Ubaya wake ni kurukia watu. Alimrukia mama mkwe wangu, katoka Kongwa na kitenge kipya, hata "hodi" hajaimaliza. Mama Neema akanipa masharti: ama mbwa ajue kulala akiambiwa, ama mimi na mbwa tukalale huko nje pamoja.

Nikampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa na hapo hapo nikamuuliza daktari wa mifugo. Akasema ni rahisi. Chukua kipande cha nyama kidogo kama punje ya mahindi, kiweke puani, kishushe taratibu mpaka chini katikati ya miguu ya mbele, halafu kivute kuja kwako. Pua ikishuka, mwili unafuata. Viwiko vikigusa ardhi tu, mpe papo hapo. Ukichelewa, ameshainuka, na yeye anajua amelipwa kwa kuinuka. Usimkandamize mgongo. Amri iseme mara moja. Dakika tano zinatosha, na iwe kabla hajala.

Rahisi kwa mbwa mwenye miguu. Huyu wangu nikishusha nyama anainamisha kichwa tu, matako yamebaki juu, mkia umesimama kama antena, mfano wa mtu anayetafuta sindano uvunguni. Anakula, ananitazama, anasubiri nyingine.

Neema akaenda kuangalia kwenye simu. Akarudi na habari kwamba kwa mbwa mfupi, mwalimu mwenyewe anakaa chini, anakunja goti liwe daraja, anapitisha nyama chini ya daraja, na mbwa inambidi atambae. Nina miaka hamsini na moja. Goti la kushoto lina maoni yake tangu ile bodaboda ya Majengo. Lakini mtoto ameshasema, na mama yake anasikiliza.

Ikabaki amri yenyewe. Neno liwe moja kwa watu wote nyumbani, daktari alisisitiza. Kwetu yakawa manne. Neema anasema "daun", kijana wa kazi anasema "kaa", bibi yao anamsemesha Kigogo, na mimi nikisema "lala" mdogo wetu wa mwisho anaangua kilio kwamba jua bado halijazama. Tukafanya kikao cha familia, tukakubaliana: "Lala chini." Hakuna aliyefikiria watu wengine wanaoitumiaga amri hiyo.

Alhamisi, saa moja jioni. Umeme umekwenda zake. Niko uani karibu na geti, nimekaa vumbini, daraja limekunjwa, maini mkononi. Popi yuko upande wa pili, ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeleta fomu bila nakala kivuli. Nikasema mara moja, kwa upole, "Lala chini." Akakaa. Nikasema tena. Akajikuna sikio. Mbu wananila, goti linalia, maini yananikaukia vidoleni, na wiki ya tatu hiyo. Basi heshima ikanitoka.

"Lala chini! Nimesema lala chini! Ukiinuka tu, utanijua mimi nani!"

Nyuma yangu nikasikia kishindo, kama gunia la mahindi limedondoka kutoka kwenye Fuso. Kisha kimya. Kisha sauti ndogo:

"Jamani nimelala. Msinipige. Hela iko mfuko wa koti, wa kushoto. Simu ina ufa lakini inafanya kazi."

Sauti ile naijua. Hunipigia kila baada ya miezi sita. Baba mwenye nyumba, kifudifudi getini kwake mwenyewe, koti la suti, mikono ameitandaza, na mfukoni kodi za wapangaji wengine wote aliokwisha kuwapitia kabla yangu.

Sikujua nianzie wapi. Nikaanza pale tulipofundishwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia kutoka vumbini. "Chukueni haraka, mwanangu, nina presha."

"Mzee, ni mimi. Baba Neema."

Kimya kirefu. "Kumbe ni wewe! Miaka minne umekaa kwangu, Baba Neema, kumbe ni wewe!"

"Hapana, mzee, nilikuwa nasema na mbwa."

"Mbwa yuko wapi?"

Nikawasha tochi ya simu. Na hapa naomba unihukumu kwa haki. Popi alikuwa ubavuni mwa mzee, karibu na sikio lake. Amelala. Viwiko ardhini, kidevu vumbini, matako yameshuka, mkia umetulia. Mara ya kwanza katika wiki tatu! Na daktari alisema papo hapo. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikampa maini, nikamkuna kichwa, nikasema, "Safi sana, mtoto mzuri!" Ndipo nikamshika mzee mkono nimwinue.

Hilo ndilo hajalisamehe. Lile la kulala anasema angelisahau. Lakini mbwa alitangulia kuhudumiwa, na mzee aliona.

Majirani wakafika na mapanga, Mama Neema akatoka na mwiko wenye ugali. Mzee akaomba maji anawe uso. Nilikuwa na ndoo moja. Moja! Akanawa uso, akanawa mikono, akaloweka leso, akasugua koti, akasugua viatu. Mimi nimesimama nashika tochi, nahesabu vikombe.

Na mbwa hajajifunza. Nikisema lala chini, anakwenda getini kutafuta mzee aliyeanguka. Nimejaribu kulala mimi badala yake; amekuja, amelala pembeni vizuri kabisa, na mgeni aliyepiga hodi saa hiyo alirudi alikotoka. Neema ananiambia Mrusi Pavlov alizoeza mbwa mpaka wakasikia mlio tu mate yanawatoka, na Nobel alipewa, mwaka 1904, ingawa hiyo ilikuwa ya utafiti wake wa jinsi tumbo linavyosaga chakula. Hapa mate yananitoka mimi. Maini yanapita jikoni kila siku na sijayaonja tangu mwezi uliopita, napewa mlenda.

Mama Neema anasema nivumilie. Sawa. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitolewa 1973, na serikali ikaanza kufungasha kwelikweli 2016. Mimi nani nimdai kijibwa kwa wiki tatu? Ila 1973 hakuna aliyeambiwa anunue maini kila asubuhi, tena kwa noti ya elfu kumi, halafu bodaboda anakwambia hana chenji, anakuachia utafute mwenyewe dukani, na mwenye duka anataka ununue kitu kwanza, nami nimenunua viberiti hivyo mpaka sasa nina pakiti kumi na moja, na jiko letu ni la gesi, la kuwasha kwa kit...

Ngoja. Bomba limekohoa. Neema! Amka, leta ndoo! Zote! Na lile beseni! Popi, toka mlangoni nipite. Popi! Sasa ndiyo unalala hapo?